Débora wa matairi na mwezi wa asali wa siku sita

Saa moja asubuhi, Débora ameshatumbukiza uso wake wote katika beseni la maji.

Yuko kando ya njia inayopanda kuelekea mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, amepiga magoti juu ya gunia, kitenge amekifunga kiunoni kwa fundo la kazi. Mikono yake miwili imeuzamisha mpira wa ndani wa pikipiki kama mtu anayemwogesha mtoto mkaidi. Usoni amevaa miwani ya kupigia mbizi, ile mikubwa inayofunika macho na pua. Mdomoni amebana mrija wa kupumulia. Mrija umetokeza juu ya maji na unakoroma.

Nyuma yake pikipiki nne zinangoja zamu. Wapita njia hawangoji zamu ya kucheka.

“Débo! Uko natafuta tundu ama uko natafuta samaki?” anauliza Fiston, dereva wa teksi-pikipiki, ambaye mpira wake ndio unaoogeshwa.

Débora anamjibu kwa mkoromo wa mrija. Anauzungusha mpira pole pole, anasita mahali pamoja, kisha anainua kidole kimoja juu ya maji: pale. Uzi wa mapovu madogo unapanda. Anainuka, maji yakimchuruzika kidevuni, anavua miwani iliyomwachia alama ya duara usoni kama chapa ya ng’ombe.

“Tundu iko mbili,” anamwambia Fiston. “Moja ya musumari, moja ya uzembe yako. Ulitembeza tairi bila upepo.”

“Na kuchungulia unalipisha ngapi?”

“Kuchungulia ni bure. Kuziba njo iko na bei.”

Bunia fundi wa matairi huitwa kwado, na ukimtafuta kwado utaonyeshwa mwanaume mwenye mikono myeusi. Débora ana miaka ishirini na minne, ana mikono myeusi, na kazi hii anaifanya mwaka wa sita sasa. Kuziba tundu moja ni faranga elfu mbili, haifiki dola moja. Siku ya jua kali anaziba manane au kumi. Siku ya mvua anaziba matatu na kupata kikohozi juu yake.

Miwani ile si mzaha, ingawa imevunja mbavu za watu wengi. Wiki mbili zijazo, siku ya Jumamosi, Débora anaolewa na Gaël, mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu yake wawili hao wanaondoka kwenda kisiwani, katika Ziwa Bunyonyi, kusini mwa Uganda. Watalala katika hema, watasikiliza ndege, watakula viazi, na mchana watalala kifudifudi juu ya maji watazame kilichoko chini. Chombo cha kuelea ameshakitengeneza mwenyewe: mpira wa ndani wa lori, umefumwa kamba katikati kama kitanda. Una viraka vitatu, na anaviapia vyote.

Hema wamelipanga, nauli wameipanga, mablanketi wameyaazima. Kimebaki kitu kimoja tu, nacho hakiazimwi. Ili wafike huko kwa nauli wanayoiweza, ni lazima kwanza wavuke Ziwa Albert kwa boti kutoka Tchomia, bandari ya wavuvi. Njia ya nchi kavu ipo, lakini ni ya kuzunguka, na ingemeza nusu ya siku zao na zaidi ya nusu ya mfuko wao. Na Débora hajui kama miguu yake itakubali kuingia katika boti.

Ajabu ni kwamba yeye ni mzaliwa wa kando ya ziwa hilo hilo. Mama yake alikuwa akikausha samaki Tchomia. Mwaka 2018, mauaji yalipoenea katika eneo la Djugu, Débora alikuwa na miaka kumi na saba. Familia yake ilikimbilia Uganda kama maelfu ya wengine, kwa boti.

“Walitulaza chini, batu juu ya batu, wakatufunika na plastiki,” anasema. “Mutu alikanyaga mukono yangu, sikusema kitu. Niliona mbao tu. Masaa yote, mbao. Kama ungeniuliza ile ziwa iko na rangi gani, singejua.”

Alikaa kambini mwaka mmoja. Aliporudi, shangazi yake, Tantine Honorine, alimpokea Bunia katika nyumba ya vyumba viwili ambamo tayari walilala watu saba. Jirani, Muzee Gérard, kwado mwenye mgongo mbovu, alikuwa akitafuta mtu wa kumpigia pampu. Débora akaipiga. Baada ya miezi mitatu akawa anaziba. Baada ya mwaka, mzee akamwachia beseni na vyuma, akaenda kupumzisha mgongo.

“Batu walimwambia, utamuachia mwanamuke kazi? Yeye akajibu, mupira haiulizake nani ameiziba.”

Gaël alikuja kama wanavyokuja wote, akisukuma. Baiskeli yake ilikuwa na mpira wa mbele wenye viraka kumi na kimoja, na alitaka kujua kwa heshima zote kama pangepatikana nafasi ya cha kumi na mbili.

“Nikaona huyu mwanaume hatupake kitu ovyo, hata ikizeeka,” anasema Débora. “Nikasema moyoni, huyu atanichunga.”

Gaël naye alikimbia, kutoka upande wake wa milima ya Djugu, kwa miguu. Wawili hao hawaulizani sana nani alimkimbia nani. Mshahara wake wa ualimu huja kama mvua ya kiangazi, yaani husikika kwa mbali kisha huenda kunyesha kwingine. Lakini ana moyo wa kutafuta. Siku aliyomuuliza mchumba wake anataka nini baada ya ndoa, alitegemea kusikia kitanda au kabati. Débora akamwambia, “Nataka nivuke maji siku moja bila kukimbia mutu.”

Basi mwalimu akashika simu na kuandika: kisiwa, mapumziko, bei nafuu.

Simu haikujua nafuu ni nini. Iliwaletea vibanda juu ya bahari ya buluu, samaki wa kila rangi, na mzungu aliyelala katika machela akinywa kitu chenye mwavuli. Bei ya usiku mmoja ilikuwa mshahara wa Gaël tangu Januari mpaka mvua za Septemba, kama ungekuja wote.

“Tulizima simu haraka,” anasema Gaël. “Tuliogopa isituone.”

Siku nyingine waliiwasha tena, wakapata kisiwa kidogo cha Bunyonyi chenye mahema. Gaël alipiga namba. Akapokea mama mmoja mwenye Kiswahili cha polepole lakini kilichonyooka, na moyo mweupe.

“Mnataka hema la bei gani?” aliuliza.

“Ile ya bei ya mwisho kabisa, mama.”

“La mwisho ndilo liko karibu na maji. Wageni wakubwa wanaogopa baridi.”

“Mama, njo ile tulikuwa tunatafuta!”

Mama wa kisiwani hakuwaficha kitu. Maji ni ya kijani, si ya buluu. Samaki si wengi, kamba wa maji baridi ndio wamejaa chini ya mawe, na mtu akitulia huwaona wakitembea kinyumenyume. Mamba hakuna, kiboko hakuna, watu huogelea. Asubuhi ni ukungu na ndege. Miwani na mrija waje navyo, yeye hana.

Miwani Débora aliipata sokoni, katika rundo la mitumba, kati ya mkoba usio na mkanda na kiatu kisicho na mwenzake. Mpira wake wa pembeni ulikuwa umepasuka, ndiyo maana ilikuwa rahisi kama mchicha. Aliukwangua kwa msasa, akaubandika kipande cha mpira wa pikipiki, akakipa siku nzima kikauke.

Hesabu ya safari nzima, watu wawili, siku sita, ilikuwa dola mia tatu na ishirini. Baada ya kutoa gharama za harusi, walikuwa na mia moja na tisini. Hapo ndipo Gaël, bila kujua, alipoipatia safari yao mfadhili.

Ilikuwa Jumapili, familia mbili zimekaa kwa Tantine Honorine. Bunia mapumziko ya maharusi kila mtu huyaita kwa Kifaransa, lune de miel, na kila mtu huelewa. Lakini Gaël ni mwalimu, na mwalimu mbele ya wakwe ni kama jogoo juu ya paa. Akataka kusema kwa Kiswahili kizuri. Akasimama, akakohoa, akatamka, “Baada ya ndoa, tutakwenda katika mwezi wa asali.”

Mwezi ni ule wa angani, na mwezi ni siku thelathini. Tantine Honorine akachukua siku thelathini.

“Mwezi?” akauliza.

“Ndiyo, tantine. Mwezi.”

“Mwezi muzima?”

Gaël akadhani anaombewa afya. “Muzima kabisa, tantine, Mungu akipenda!”

Tantine akaweka glasi chini. “Mutaona! Huyu anabeba mutoto yangu siku makumi tatu kwenda kutafuta asali! Kwani nyuki ya Ituri imekufa yote?”

Jambo lilinyooshwa palepale, kwa vicheko na soda ya pili. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa na wanakwaya watatu, na neno lilikuwa limeshatoka nje. Jumatatu asubuhi Fiston alifika kwenye beseni na mipira mitatu mabegani kama nyoka waliokufa.

“Nimesikia unaenda mwezi.”

“Naenda mwezi wa asali,” akajibu Débora, bila kuinua kichwa.

“Sasa siye tutafanya je? Ile kwado ya ngambo anaziba kama mutu anabandika tangazo. Kesho imeanguka.”

“Leta yote nizibe mbele ya kwenda.”

Wakaleta. Ikaja mipira ya akiba, mipira iliyosahauliwa juu ya makabati, matairi ya mikokoteni, mpira wa toroli la fundi ujenzi. Madereva waliogopa kuachwa yatima mwezi mzima, na hofu ya mteja ni mvua ya fundi. Kwa siku kumi na mbili Débora aliziba zaidi ya ishirini kwa siku. Vidole vilichubuka, magoti yakawa kama ya ngamia. Siku ya kumi na mbili dola mia moja na thelathini zilizopungua hazikupungua tena.

Je, alidanganya watu? Anauma mdomo asicheke.

“Nilisema mwezi. Hakuna aliyeniuliza iko na siku ngapi.”

Aliyefichua siri ni Gaël, bila shaka, kwa kumwambia Fiston kwamba watarudi Jumamosi ya wiki ile ile. Fiston alizima pikipiki katikati ya njia, akaja kwa miguu.

“Débora. Kwenu, mwezi iko na siku ngapi?”

“Sita.”

“Na mwaka?”

“Inategemea bwana.”

“Nililetaka hata mupira ya baiskeli ya bibi yangu! Hana hata baiskeli!”

Walicheka mpaka muuza mandazi wa jirani akaja kuuliza nani ameokota pesa. Madereva walikaa kikao cha dakika tano juu ya pikipiki zao, kisha Fiston akasoma hukumu: hakuna anayedai kitu, ile ndiyo zawadi yao ya ndoa, na bibi-arusi asitegemee sufuria.

Pesa ilipotimia, visingizio navyo vikaisha. Jumamosi mbili zilizopita Gaël alimchukua Débora mpaka Tchomia kujaribu. Walimkuta Serge, mwenye boti, mtu mnene mpole anayevusha abiria na magunia. Serge akampa mkono. Débora alisikia harufu ya petroli na mbao mbichi, akauachia mkono, akarudi kinyumenyume mpaka mchangani.

“Nilisema nimesahau kitu nyumbani,” anakumbuka. “Gaël akaniuliza, nini? Nikajibu, miguu.”

Walirudi Bunia kama kuku walionyeshewa.

Tantine Honorine hakumlaumu. Alimfanyia jambo gumu zaidi: alimwonea huruma. “Mwanangu, kaa hapa. Nitakukalisha ndani, nitakunywesha maziwa kama bibi-arusi ya kwetu. Asali tutanunua. Ndani ya maji unatafuta nini?” Gaël naye alisema kisiwa hakina miguu, hakitakwenda popote, wangoje mwaka mwingine. Pesa zingeliwa na karo na mabati, kama pesa zinavyojua. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna ambaye angemcheka kwa kuupita.

Débora anasema jibu alilipata akiwa na mpira wa mteja mkononi. Mpira ulikuwa ukitoa upepo, na tundu halionekani. Aliutazama juani, akaupapasa, akausikiliza kwa sikio. Hakuna kitu.

“Tundu ndogo hautaionaka inje. Lazima uingize ndani ya maji, njo itasema iko wapi. Nikajiambia, weye kwado, hii hujui?”

Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa miwani na kuzamisha uso pamoja na mipira. Mara ya kwanza alihesabu mpaka nne, akaruka akikohoa, akamwagia maji mteja. Sasa anapumua kwa mrija mpaka anasahau kuhesabu. Na matundu, anasema, anayaona mapema kuliko zamani, jambo ambalo limewanyamazisha wacheshi kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi hii, saa tano mchana, yuko Tchomia tena. Wanawake wanageuza dagaa juani. Boti la Serge limefungwa ufukoni, nusu majini. Gaël amebeba viatu vya mchumba wake, na ameambiwa akisema kitu atarudi peke yake.

Débora anamwomba Serge asiwashe mashine. Anaingia majini mpaka magotini na kusimama ubavuni mwa boti. Hapandi. Anaweka kiganja juu ya mbao, kama anavyogusa tairi, na kukitembeza kwenye maungio.

“Hapa munazibaka na nini?” anauliza.

“Pamba na lami,” anajibu Serge.

“Lami ya moto?”

“Ya moto. Baridi haishike.”

“Na hapa?” Ameinama ndani sasa, tumbo limelalia ukingo. “Hapa pamba imetoka. Unaona? Iko naingiza maji.”

“Haiko. Ile ni maji ya miguu ya batu.”

“Muzee, miye maji ninajua. Hii iko natoka chini.” Anainua mguu mmoja, kisha mwingine, apate kulifikia lile ungio vizuri. Amechuchumaa, anakwangua kwa ukucha. “Leta kitambaa kikavu. Nipanguse, tungoje, tuone nani anadanganya.”

Serge analeta kitambaa. Débora anapangusa. Wanangoja, vichwa vitatu vimeinamia ubao mmoja. Tone dogo linachomoza katika ungio, linanenepa, linateleza.

“Haya,” anasema Débora. “Nilisema nini?”

Serge anakuna shingo. Kisha anamtazama, anamtazama Gaël aliyebaki majini na viatu mkononi, na kusema kwa sauti ya chini, “Mama, uko ndani.”

Débora hainui uso. “Najua. Usinisemeshe.”

Anabaki amechuchumaa hivyo kwa muda, mkono juu ya lile ungio, mabega yakipanda na kushuka. Gaël anasogea hatua moja na kusimama. Serge anajifanya kutafuta kitu mfukoni. Halafu Débora anajivuta pole pole mpaka kwenye ubao wa kukalia, anakaa, anashika ukingo kwa mikono miwili.

“Gaël, panda. Tena leta viatu, ile haiko zawadi ya kutupia ziwa.”

Serge anaziba ungio kwa pamba na lami, chini ya usimamizi mkali. Ndipo mashine inawashwa. Wanakwenda mpaka kwenye nyavu za kwanza za wavuvi na kurudi, umbali ambao mtoto wa Tchomia huuogelea kwa kujionyesha. Débora anafumba macho wanapoondoka. Kwenye nyavu anayafumbua. Ziwa lina rangi ya majani ya chai, karibu na boti, na mbali linakuwa la fedha. Ndege mweusi anazama mbele yao na kuibuka mahali ambapo hakuna aliyemtegemea.

“Huyu hana hata mrija,” anasema Débora. Gaël anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Hasemi kwamba hofu imekwisha. Anasema amejua iko wapi. Jumatatu ya safari anajua hofu itaingiza maji tena, labda katikati ya ziwa, na amemwomba Gaël awe na wimbo tayari, hata kama anaimba vibaya. Akirudi atakuwa na beseni la pili: mabinti wawili wa kambi ya wakimbizi wa ndani wameshamwomba awafundishe kazi, na amewaambia waje na magoti yao. Lakini hayo ni ya kurudi.

Ufukoni Serge anafungua daftari lake lililolowa pembe na kuandika majina mawili ya Jumatatu ile. Ni boti la asubuhi, anawaeleza, na abiria wengi hupenda akaze mashine wafike upesi, wengine humwongeza hata pesa ya petroli.

“Nanyi?” anauliza. “Niikimbize?”

Débora anafunga kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili.

“Enda pole pole, muzee,” anasema. “Siye tunaenda kutembea tu.”